Kazi kubwa haifanyiki tumboni
Wengi huamini kuwa tumbo la chakula ndilo linalomeng'enya kila kitu na kuupa mwili nguvu. Sivyo. Tumbo husagasaga na kuanza kuvunja protini, basi. Kazi yenyewe iko kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi. Ugali ukifika humo, vimeng'enya (kemikali zinazovunja chakula) vya kongosho huvunja wanga, kisha ukuta wa utumbo humalizia kuugeuza glukosi, yaani sukari ya damu. Mafuta huhitaji nyongo itokayo kwenye ini, iyatawanye kuwa matone madogo. Ukuta huo wa utumbo umejaa vinyweleo vidogo mno, mfano wa vidole vilivyochomoza: glukosi hupita humo kuingia kwenye damu, mafuta mengi hupitia mishipa ya limfu, yaani mishipa ya majimaji iliyo tofauti na ya damu. Ndiyo maana aliyeondolewa tumbo lote kwa upasuaji huweza kuishi akila kwa mdomo, ilhali aliyepoteza sehemu kubwa ya utumbo mwembamba huenda akahitaji kulishwa kwa dripu.