Qatar: yanayosemwa kuhusu kafala na yaliyomo kwenye sheria

Anayejiandaa kwenda kazini Qatar kutoka huku kwetu Afrika Mashariki hupewa maneno ya aina mbili. Wakala humwambia kafala, ule mfumo unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, imekwisha, kule sasa ni raha mustarehe. Jirani aliyerudi zamani humwambia ukishashuka Doha umekuwa mali ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Ukimwamini wakala utasafiri kichwa kichwa. Ukimwamini jirani utavumilia dhuluma ambayo sheria yenyewe inaikataza, na hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana nimeona watu wakinyamaza juu ya haki ambayo tayari ni yao.

"Bila barua ya bosi huwezi kuhama kazi"

Hadi mwaka 2020 ilikuwa kweli. Mfanyakazi alihitaji barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi, na wengi hawakuipata. Agosti 2020 zikatoka Sheria namba 18 na namba 19 za mwaka huo, na sharti hilo likaondolewa. Leo unatoa notisi kupitia mfumo wa Wizara ya Kazi: mwezi 1 kama hujazidi miaka 2 kazini, miezi 2 kama umezidi. Hata ukiwa katika kipindi cha majaribio unaweza kuhama, ila mwajiri mpya humfidia wa zamani gharama za kukuleta, kwa kiwango kisichozidi mishahara ya msingi ya miezi 2.

Hayo ni maandishi. Katika utekelezaji, waajiri wengi wameendelea kudai barua ya kujiuzulu yenye sahihi ya bosi, kwa hiyo kile kilichotolewa mlangoni kikarudi kupitia dirishani. Tena mwajiri bado ndiye anayekuombea kadi ya ukaazi na kuihuisha. Akiacha iishe muda, au akaifuta kwa hasira wakati unahangaikia kuhama, wewe ndiye unayeonekana mkosaji barabarani. Ndiyo maana sikubali neno "imefutwa". Kafala ya Qatar imepunguzwa nguvu mahali pawili pakubwa, kuhama kazi na kutoka nchini, na mizizi yake mingine iko palepale.

"Kuondoka nchini ni mpaka kafili aridhie"

Kibali cha kutoka kiliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na Januari 2020 kikaondolewa pia kwa wafanyakazi wa majumbani. Mfanyakazi wa nyumbani alitakiwa tu kumwarifu mwajiri saa 72 kabla. Kampuni iliruhusiwa kuwawekea masharti ya kibali watu wasiozidi asilimia 5 ya wafanyakazi wake.

"Basi nikichoka, nafungasha na kuondoka nyumbani kwa madamu"

Hapana, ndugu yangu. Hapa ndipo dada zetu wengi wanapoponzwa. Kuacha kazi kwa notisi na kutoka usiku bila taarifa ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria. Mwajiri anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na ripoti hiyo huleta kukamatwa na kurudishwa kwenu. Anayekimbia kipigo anakimbia kwa haki, na simlaumu hata kidogo. Lakini afike ubalozini, polisi au kwenye ofisi ya wizara upesi iwezekanavyo, malalamiko yake yaandikwe kabla ya ripoti ya mwajiri.

"Kima cha chini ni cha watu wa kampuni, khadama hahesabiwi"

Khadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, anahesabiwa. Kuanzia tarehe 20 Machi 2021, kwa Sheria namba 17 ya 2020, kila mfanyakazi wa sekta binafsi analipwa si chini ya riyali 1,000 za mshahara wa msingi, na wafanyakazi wa majumbani wamo. Mwajiri asipotoa malazi anaongeza riyali 500, asipotoa chakula anaongeza 300. Riyali 1,000 ni takriban dola 275. Mkataba unaokuonyesha pungufu ya hapo, usiutie sahihi.

Kuna Sheria namba 15 ya 2017 pia, iliyoandikwa mahsusi kwa kazi za nyumbani: saa zisizozidi 10 kwa siku, siku 1 ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki 3 kwa mwaka yenye malipo. Tatizo ni kwamba mkaguzi haingii jikoni kwa mtu kama anavyoingia kiwandani. Hata mfumo wa kufuatilia mishahara benki, ulioanza 2015, ulijengwa kwa ajili ya kampuni, na mshahara wa nyumbani ukaachwa nje. Weka kumbukumbu zako mwenyewe, tarehe na kiasi, kila mwezi.

"Pasipoti hukaa kwa bosi, ndiyo desturi"

Desturi labda, sheria hapana. Sheria namba 21 ya 2015 inamruhusu mwajiri kukaa nayo pale tu unapomwomba kwa maandishi, na ukiitaka anakurudishia. Akiizuia, faini ni hadi riyali 25,000.

"Qatar au Saudia, Ghuba ni ileile"

Si ileile. Mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021 kuhusu kuhama kazi yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, na huko ndiko Wakenya na Waganda wengi wanakopelekwa kwa kazi hizo.

"Siku hizi mfanyakazi anaweza kusema lolote"

Wahamiaji bado hawaruhusiwi kuunda chama cha wafanyakazi wala kujiunga nacho. Kinachoruhusiwa ni kamati za pamoja za mwajiri na wafanyakazi ndani ya kampuni. Na kuhusu kusema, lipo la Malcolm Bidali, mlinzi kutoka Kenya aliyekuwa akiandika kwa jina la bandia kuhusu maisha ya wenzake huko. Alikamatwa Mei 2021, akawekwa peke yake kwa wiki kadhaa, kisha akatozwa faini kwa kuchapisha kile kilichoitwa habari za uongo. Faini yenyewe ilikuwa riyali 25,000, sawasawa na kiwango cha juu anachotozwa mwajiri anayezuia pasipoti. Agosti mwaka huohuo akaondoka Qatar.