Hita ya maji haitupwi kwa sababu ya umri

"Hita ina miaka 10, tupa." Fundi akikuambia hivyo kabla hajashika bisibisi, mwambie asubiri. Maji yakitoka baridi, mara nyingi kilichokufa ni elementi (kipande kinachopasha maji) au thamostati (kidhibiti joto), vipuri vya kubadilisha tu. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi, elementi hutoka imevaa magaga meupe, nzito kama gunzi lililomwagiwa saruji. Ndani ya matangi mengi ya chuma mna pia fimbo, mara nyingi ya magnesiamu, inayoliwa na maji ili chuma cha tangi kisiliwe na kutu. Wengi hawajui hata kama ipo. Ila tangi lenyewe likivuja ubavuni, si kwenye viungio, usihangaike kuchomelea: moto huharibu utando wa ndani unaokinga chuma. Hapo nunua jingine.