"Mkubwa anamnyonya mdogo": maneno ninayoyachoka kuhusu mapacha wa kondo moja

Nimeyasikia tena wiki hii, safari hii kwa bibi aliyemsindikiza mkwewe: "Daktari, huyu mkubwa anamnyonya mwenzake." Kwake, angalau mmoja alikuwa salama.

Hakuna anayemnyonya mwenzake. Mapacha wa kondo moja, yaani wanaoshiriki kondo la nyuma (plasenta) moja, karibu wote wana mishipa inayowaunganisha humo. Damu ikienda na kurudi sawasawa, hakuna neno. Balaa huanza pale ateri ya mmoja inapomwaga kwenye vena ya mwingine, na njia za kuirudisha hazitoshi. Hutokea kwa takriban asilimia 10 hadi 15 ya mimba hizi. Anayetoa hupungukiwa damu, figo zake hubana mkojo. Na kwa kuwa maji ya uzazi mengi yake ni mkojo wa mtoto, chupa yake hukauka hadi kumng'ang'ania mwilini. Anayepokea hukojoa kupita kiasi, tumbo la mama hufura kwa siku chache, na moyo wa mtoto huyo huelemewa. Huyo mnayemsifu unene anaweza kuwa ndiye anayekufa. Na mmoja akifa, damu ya aliyebaki inaweza kumkimbilia marehemu kwa mishipa ileile, ubongo wa aliye hai ukadhurika.

"Basi mama ale sana, mdogo atamfikia." Ale, sikatai. Ila maharage hayageuzi mkondo wa damu. Tiba yenyewe ni kuziba mishipa hiyo kwa leza, kwa kawaida kati ya wiki ya 16 na ya 26, na si kila hospitali inaweza.

Kwamba wanaofanana lazima washiriki kondo? Hapana. Kwa kama theluthi moja yao, kila mmoja ana lake.

Na pacha wa kondo moja anayeumbika bila moyo si laana. Mwenzake ndiye anayemsukumia damu, nayo humwingia kinyumenyume kupitia ateri za kitovu. Imeshatumika, oksijeni kidogo, na hufika kwanza sehemu za chini: ndiyo maana miguu huumbika na kichwa kikakosekana. Wa kuchunguzwa moyo ni yule anayesukuma kwa wawili.

Ripoti ikiandikwa "mapacha, wazima" bila kutaja kondo, mimi huirudisha. Mama, kabla ya kuuliza jinsia, uliza kondo ni ngapi, na uulize kati ya wiki ya 11 na ya 14. Baadaye utando unaowatenganisha huwa mgumu kusoma. Likiwa moja, kuanzia wiki ya 16 njoo ultrasaundi kila wiki mbili, hata kama hujisikii chochote.