Damu ya ng'ombe na mimba: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Hajarudi kwenye joto, basi ameshika." Dhana hii inawaumiza wafugaji wa maziwa kuliko nyingine zote. Ni kweli ng'ombe asiye na mimba hurudi kwenye joto, yaani hutaka dume tena, kila baada ya siku 21 hivi. Lakini joto huweza kuja usiku na kuisha kabla ya kukamua asubuhi, na wapo ambao ovari zimelala kwa njaa au maradhi. Mfugaji anahesabu miezi akisubiri ndama, kumbe hakuna kitu.

"Kipimo cha mimba cha duka la dawa kinafaa hata kwa ng'ombe." Hakifai. Kinatafuta hCG, homoni ya mimba ya binadamu, ambayo ng'ombe hatengenezi kabisa.

"Projesteroni ikiwa juu kwenye damu, mimba ipo." Hapa ndipo wengi wanapotea. Homoni hiyo hutoka kwenye kinundu kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na kila ng'ombe anayepata joto vizuri huwa nacho kwa wiki mbili hivi katika kila mzunguko. Damu iliyotolewa siku yoyote tu haithibitishi mimba. Ikitolewa siku ya 21 hadi 24 tangu kupandishwa, jibu la chini linaaminika sana kwamba hana mimba; la juu linasema "huenda" tu. Ndiyo maana nasisitiza tarehe ya kupandishwa iandikwe siku ileile, hata kwa mkaa ukutani. Bila tarehe, maabara haiwezi kukusaidia.

Kipimo cha PAG, yaani protini za mimba zinazoingia kwenye damu, kina uzito zaidi, kwa kuwa protini hizo hutengenezwa na kondo la nyuma lenyewe. Huanza kuaminika kuanzia siku ya 28 hivi. Hata hivyo wapo wanaodhani majibu yake ni ya mwisho. Ng'ombe aliyezaa karibuni bado ana PAG za mimba iliyopita, hivyo vipimo vingi hutaka zipite siku 60 au zaidi tangu azae. Mimba ikifa mapema, PAG hukaa kwenye damu siku kadhaa. Rudia kupima baada ya mwezi mmoja au miwili.

"Kutoa damu kunaharibu mimba." Hapana. Mkia unainuliwa wima, sindano inaingia katikati ya mkia upande wa chini, inatoka damu ya mililita chache, kisha pamba inabanwa mpaka damu ikauke. Kinachotoa mimba ni sindano ya kurudisha joto, prostaglandini, akichomwa ng'ombe mwenye mimba ambaye hakupimwa vizuri.

Kwa mbuzi kuna jambo jingine. Kizazi chake huweza kujaa maji, tumbo likakua na projesteroni ikabaki juu kwa miezi, bila mtoto ndani. Hapo projesteroni peke yake itakudanganya. Omba PAG au ultrasaundi.