Uvimbe wa makula: jicho haliumi, nondo zinapinda

Baba yangu mdogo aliyeko Arua, Uganda, alimwita fundi wa kuchomelea aje aangalie nondo za dirisha la sebuleni. Zimepinda katikati, alisema. Fundi akaweka rula, akacheka. Nondo zilikuwa zimenyooka. Ubovu ulikuwa ndani ya jicho la mzee.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando mwembamba unaopokea mwanga. Katikati yake pana sehemu ya upana wa kama milimita 5 iitwayo makula, ambayo ndiyo tunayosomea, tunayotungia uzi kwenye sindano na kutambulia sura za watu. Vimishipa vya damu vikivuja, majimaji hutuama pale na makula huvimba. Mtu huona ukungu katikati au mistari iliyopinda, ilhali pembeni anaona vizuri tu. Maumivu hakuna, ndiyo maana wengi hukimbilia miwani, na miwani haikaushi maji.

Mharibifu mkubwa wa mishipa hiyo ni kisukari. Mshipa wa retina ukiziba, jambo linalowapata sana wenye presha, uvimbe huja pia. Na mara nyingine hufuata upasuaji wa mtoto wa jicho.

Daktari hupanua mboni kwa matone na kuchungulia. Skani ya OCT, inayopiga picha ya tabaka za retina kwa mwanga, humwonyesha makula imenenepa kiasi gani. Tiba kuu ni sindano ndani ya jicho. Ndiyo, ndani. Jicho hutiwa ganzi, husafishwa, kisha sindano nyembamba hupita kwenye weupe wake kwa sekunde chache. Dawa huizuia VEGF, protini ya mwili inayofanya mishipa ivuje. Kwa sababu ya bei, wengi hupewa bevasizumabu, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Jicho linahitaji miligramu 1.25 tu, hivyo chupa ya miligramu 100 hugawiwa wagonjwa wengi, mradi anayeigawa ajue usafi wa kazi hiyo. Leza ipo, na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, pia zipo, ingawa steroidi huweza kupandisha presha ya jicho.

Mwanzoni sindano ni kila mwezi, na sukari isiposhuka uvimbe hurudi. Kutoka Arua hadi Kampala, mzee anakochomwa, ni karibu kilomita 500 kwa basi. Kwangu mimi nauli inatisha kuliko sindano.

Mzee ameshachomwa ya tatu. Anasema nondo zimenyooka, isipokuwa moja, ya pili kutoka kushoto.