Lava ya Java Ina Ladha ya Bahari Yetu

Kuna swali tunaulizwa sana watu wakija ofisini kwetu na vijiwe vyao mfukoni (wengi wanataka kujua kama ni dhahabu, pole), kwamba lile jiwe jeusi la Shetani, yaani lava iliyopoa kule Tsavo, na volkeno za Indonesia si moto ni huohuo tu? Hapana, mapishi ni mbalimbali kabisa, na jiwe lenyewe ukilipima linakwambia.

Tuanze na bahari. Desemba 26, 2004 wengi mnakumbuka watu walivyotolewa ufuoni sababu ya tsunami, ile ilitoka Sumatra, pale bamba (kipande kikubwa cha gamba la dunia) la chini ya Bahari Hindi linapoingia chini ya bamba jingine. Upande wa Java, kisiwa cha Indonesia, linasogea sentimita 6 au 7 hivi kwa mwaka, na haliendi kavu, limekaa majini mamilioni ya miaka mpaka maji yameingia ndani ya madini yenyewe, tena mgongoni limebeba matope ya sakafu ya bahari.

Likishuka, joto na mgandamizo vinazidi, yale madini yanashindwa kuzuia maji, yanayaachia yanapanda kwenye manteli, yaani lile jiwe la moto lililo juu ya bamba. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa: kinachoyeyuka zaidi si bamba, ni hiyo manteli. Barafu ya samaki ukiitia chumvi inayeyuka bila kuiongeza joto, basi maji kwa manteli ni chumvi hiyo, yanashusha kiwango cha kuyeyuka kwa mamia ya digrii. Ndio maana volkeno za Java zimejipanga mstari, na bamba liko kama kilomita 100 hivi chini yake.

Sasa maji hayapandi mikono mitupu, yanabeba bariamu, risasi, boroni, strontiamu, lakini niobi na tantali (nazo ni metali) haziyeyuki ovyo kwenye maji, zinabaki chini. Kwa hivyo lava ya huko inakuja na bariamu tele na niobi haba. Ni kama hamri, iliki huioni ila ukiuma tu unajua imo.

Lakini alama ninayoipenda mimi ni beriliamu-10, aina ya elementi yenye mnururisho. Hii hutengenezwa angani na miale kutoka nje ya dunia, inashuka na mvua, inatulia kwenye matope ya baharini, na kila baada ya miaka milioni 1.4 hivi nusu yake inapotea. Sasa wanasayansi wakapima lava mbichi ya Nicaragua, Amerika ya Kati, ambako nako bamba linazama, wakaikuta! Yaani matope ya sakafu ya bahari yameshuka, yakapita chini huko, yakarudi juu ndani ya lava kabla beriliamu hiyo haijaisha yote, na kwa saa ya jiolojia hiyo ni haraka wallahi. Lava za Hawaii, ambako hakuna bamba linalozama, hawaipati ya maana.

Maji hayo ndiyo pia yanafanya volkeno kama Krakatau ya Indonesia 1883 na Pinatubo ya Ufilipino 1991 zilipuke vile, magma (jiwe lililoyeyuka chini) ya huko yaweza kuwa na maji asilimia 4 hivi ya uzito wake, ikikaribia juu inafoka kama soda iliyotikiswa.

Huku kwetu hakuna bamba linalozama, ardhi ya Bonde la Ufa inavutwa inakuwa nyembamba na manteli ya moto inapanda yenyewe. Ndio maana jiwe la Shetani (usilibebe, ile ni mbuga) niobi imejaa.