Mafunzo ya polisi kuhusu dharura ya afya ya akili: maana yake na yanavyofanya kazi

Dharura ya afya ya akili ni hali ambayo mtu amezidiwa kiasi kwamba fikra, hisia au matendo yake yanaweza kumdhuru yeye mwenyewe au walio karibu naye, au ameshindwa kabisa kujihudumia. Huenda anasikia sauti. Huenda anaamini kuna watu wanataka kumuua, au amejifungia chumbani na kisu, au amesimama ukingoni mwa daraja. Kuugua hivyo si kosa la jinai. Hata hivyo, anayepigiwa simu mara nyingi ni polisi, kwa kuwa polisi ndio wanaofika usiku wa manane na hawana ruhusa ya kusema wamefunga.

Mafunzo tunayoyaeleza hapa yanamwandaa askari wa namna hiyo. Lengo lake ni mgonjwa afike kwenye matibabu akiwa salama, na wote waliokuwepo warudi nyumbani wazima.

Haja ya mafunzo haya inatokana na mafunzo ya kawaida ya askari. Kwa kawaida askari hufundishwa kuitawala hali haraka: kutoa amri kwa sauti kubwa, kusogea, kuonyesha nguvu. Mbinu hiyo inategemea kwamba aliye mbele yake anapima faida na hasara, na akiona nguvu atasalimu amri. Mtu anayeamini kuwa anawindwa hapimi hivyo. Akizingirwa na watu watatu wenye silaha wanaompigia kelele, hofu yake imepata ushahidi. Akichelewa kutii anaonekana mkaidi, askari naye anaongeza nguvu, na ndani ya dakika mbili mtu aliyeitiwa msaada na mama yake amekwisha kufa.

Mambo hayo yalitokea Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, Septemba 1987. Polisi waliitwa kwa kijana wa miaka 27 mwenye ugonjwa wa akili, aliyekuwa na kisu akijikata. Waliamuru akiweke chini, hakukiweka, wakampiga risasi na kumuua. Wananchi walikasirika, na mwaka 1988 jeshi la polisi la mji huo likaunda kikosi maalumu kwa kushirikiana na chama cha familia za wagonjwa wa akili na vyuo vikuu viwili, Memphis na Tennessee. Luteni Sam Cochran na mwanasaikolojia Randolph Dupont walikuwa miongoni mwa walioujenga mpango huo. Kikosi kilijulikana kwa kifupi cha CIT (Crisis Intervention Team, yaani kikosi cha kushughulikia dharura za akili), na leo mfumo wa Memphis ndio unaoigwa zaidi, ndani na nje ya Marekani.

Kozi yenyewe ni ya saa 40, yaani wiki moja ya kazi. Katika mfumo asilia askari huomba mwenyewe kujiunga, kisha huchujwa. Naona hilo ni jambo la busara, kwa sababu kuna askari hodari wa kufukuza wezi ambaye hana subira ya kumsikiliza mtu anayerudia sentensi moja kwa nusu saa, na cheti hakitampa subira hiyo.

Darasani kuna masomo ya magonjwa, dawa na sheria, lakini yanayobaki kichwani ni mazoezi. Katika zoezi moja askari huvaa vipokea sauti masikioni, ambamo sauti zilizorekodiwa zinanong'ona, zinatukana na kuamrisha. Huku zikiendelea, anatakiwa ajaze fomu na kujibu maswali ya mkufunzi. Haichukui muda anaanza kuuliza "umesemaje?", anakosea mambo mepesi, na hasira inampanda. Hapo anaelewa kwa nini mtu aliyeamriwa mara tatu hakutii. Huenda amri ya askari ilikuwa sauti ya nne kati ya zote alizokuwa akizisikia.

Halafu huja maigizo, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine askari. Askari anasimama hatua kadhaa nyuma, mikono yake ikionekana. Redio ameipunguza sauti, king'ora kimezimwa, na anayezungumza ni mmoja tu. Anataja jina lake, anasema amekuja kusaidia, anauliza mwenzake angependa aitwe nani. Mwenzake anajibu: "Wamewatuma mje kunichukua." Jibu la "acha upuuzi, hakuna aliyetutuma" linaharibu. "Ndiyo, lakini tumeshawafukuza" nalo linaharibu, kwa kuwa ni uongo na utamrudia. Anafundishwa kusema: "Mimi siwaoni hao watu. Ila naona umeogopa sana, na mimi ningekuwa wewe ningeogopa." Anafundishwa pia kuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Wengi huogopa swali hilo wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Kwa kawaida humpa nafasi ya kusema alichokuwa amekificha.

Kuna mambo ya mwili ambayo askari lazima ayajue. Sukari ikishuka sana, jeraha la kichwa, au hali inayofuata baada ya kifafa vinaweza kumfanya mtu aonekane amerukwa na akili au amelewa. Na kumlaza mtu kifudifudi huku amekandamizwa mgongoni kunaweza kumzuia kupumua. Watu wamekufa kwa namna hiyo mikononi mwa askari wasiokusudia kuua.

Ila kozi peke yake ni kipande tu cha mfumo, na miji mingi inakosea hapa. Inaleta mkufunzi, inapiga picha za kutunuku vyeti, basi. Mpokea simu naye anapaswa kufundishwa, maana ndiye anayeuliza kama kuna silaha, kama mgonjwa ameacha dawa, nani anayeaminiwa naye. Kamanda akimuuliza askari kwa nini amekaa saa nzima kwenye tukio moja, amebomoa kwa swali moja kilichojengwa kwa wiki nzima. Na pawe na mlango wa hospitali ulio wazi. Memphis walikubaliana na kituo cha matibabu kimpokee mgonjwa saa yoyote, bila kumkataa, ili askari arudi doria upesi. Askari akijua hospitali itamsotesha benchi hadi alfajiri, mahabusu itamvutia hata kama amefundishwa vizuri.

Uingereza jambo hili limo ndani ya sheria. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 kinamruhusu askari kumpeleka mtu aliye katika dharura kama hii mahali pa usalama ili achunguzwe na wataalamu. Tangu 2017 muda wa kumshikilia huko umepunguzwa kutoka saa 72 hadi 24, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuwekwa kwenye seli ya polisi kwa kifungu hicho.

Je, mafunzo yanaleta matokeo? Tafiti zinaonyesha kwamba askari waliofunzwa wanaielewa zaidi hali ya mgonjwa, wanajiamini zaidi katika kuituliza, na huelekea zaidi kumpeleka kwenye huduma. Kuhusu majeruhi na matumizi ya nguvu, ushahidi bado ni dhaifu. Ndiyo maana wapo wanaohoji kama askari ndiye mtu wa kutumwa. Mji wa Eugene, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kuanzia mwaka 1989 hadi 2025 ulikuwa ukituma mhudumu wa afya na mtu aliyefunzwa kushughulikia dharura hizi, bila bunduki wala pingu. Nakubaliana na hoja yao pale ambapo hakuna silaha wala tishio. Kukiwa na kisu, polisi ataitwa tu, na atakayefika ni vyema awe amefunzwa.

Anayepiga simu naye ana sehemu yake. Aseme mwanzoni kabisa kwamba hii ni dharura ya afya ya akili, ataje ugonjwa na dawa kama anavijua, aseme kweli kama kuna silaha na iko wapi, na aeleze kinachomtuliza mgonjwa na kinachomchokoza. Palipo na kikosi cha aina hii, anaweza kuomba moja kwa moja atumwe askari aliyepata mafunzo hayo.